Siku Tasnifu Ilipoanikwa Uani

Mtu aliyemaliza masomo yote ya uzamivu isipokuwa tasnifu hafahamiki vizuri chuoni. Chuoni huonekana mara moja moja, kapendeza, kabeba kompyuta mgongoni, anafuatilia saini. Anayetaka kumjua aende nyumbani kwake. Huko ndiko tasnifu inakokaa. Imeteka meza ya chakula, imejaza chumba cha wageni, na kila penye harusi au msiba inatajwa katika swali lile lile la ndugu: "Umeshamaliza?" Mimi ni mume wa mmoja wao. Nasimulia yaliyotupata msimu wa masika kwa kuwa najua nyumba nyingi za Dar es Salaam, Morogoro, Nairobi na Unguja zina mtu wa namna hii, na anahitaji msaada ambao chuo peke yake hakiwezi kumpa.

Mke wangu ni mhadhiri msaidizi. Kwa Tanzania hicho ndicho cheo cha mwalimu wa chuo kikuu mwenye umahiri, na mlango wa kupandia kuwa mhadhiri ni uzamivu. Alisoma kozi zake zote akafaulu. Akaandika pendekezo la utafiti, akalitetea mbele ya jopo. Akahangaikia vibali hadi akavipata, akavuka bahari kwenda kuwahoji wanawake wanaolima mwani Paje, Jambiani na vijiji vya jirani. Aliporudi alikuwa na maboksi ya hojaji, madaftari ya mahojiano, na uso uliobabuka kwa jua na chumvi. Siku ile tulipika pilau. Kila aliyekuja kumpongeza alisema neno moja: sasa kimebaki kuandika tu.

Hapo kwenye "kuandika tu" ndipo watu wanapopotelea. Kabla ya hapo kila hatua ina tarehe yake: kipindi kina saa, mtihani una mwezi, jopo lina siku. Ukishamaliza kukusanya data, ratiba inakatika. Hakuna anayekungoja darasani wala mwenzako wa kukaa naye dawati moja. Msimamizi ana wanafunzi wengi na vikao vingi. Sura ya pili ya mke wangu ilikaa kwake tangu watoto wafunge shule hadi wakafungua, ikarudi na maneno matatu pembeni. Na kwa kuwa anayeandika anaandikia nyumbani, nyumba inamhesabu kuwa hana kazi. Gesi ikiisha, anaitwa yeye. Fundi akija, anapokewa na yeye. Kikao cha harusi kikikosa katibu, anateuliwa yeye. Mgonjwa akilazwa, uji wa asubuhi unapelekwa na yeye, "maana wewe si uko nyumbani?"

Jambo hili halina nchi. Marekani, ambako shahada za kwanza za uzamivu zilitolewa na Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1861, baraza la vyuo vya uzamili lilifuatilia wanafunzi wa vyuo vingi na kutoa matokeo mwaka 2008: baada ya miaka 10, waliomaliza walikuwa asilimia 57 hivi. Kwenye uhandisi walifika asilimia 64. Kwenye fasihi, historia na falsafa hawakufika nusu. Wapo walioacha mapema, lakini wapo pia waliokwisha kufaulu kila mtihani wakakwama kwenye tasnifu peke yake. Ni wengi kiasi kwamba Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kinatoa hati maalumu kwa aliyefika hapo, na vyuo vya Yale na Columbia huwapa wa hatua hiyo shahada yao nyingine. Kwetu hakuna hati ya namna hiyo. Kuna maboksi chumba cha wageni.

Chumba hicho masika ile kilikuwa na mgeni. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Jambiani kutibiwa macho, akapimwa, akapewa miwani. Alilala kitandani, na maboksi ya bintiye yakapangwa sakafuni na juu ya kabati, yakiwa yameandikwa majina ya vijiji kwa kalamu nene.

Mtaani kwetu Tegeta maji ya bomba hutoka kwa zamu, mara nyingi usiku wa manane. Tangi letu limekaa juu ya zege la choo, ubavuni mwa chumba hicho. Usiku mmoja boya la tangi lilikwama, maji yakaendelea kupanda. Mvua nayo ilikuwa imejaza mfereji wa bati majani ya mwarobaini, kwa hiyo maji yaliyofurika hayakupata pa kutokea yakageukia darini. Dari la jipsamu lilivimba taratibu, likapata ufa, kisha kipande kizima kikaanguka.

Tuliamshwa na sauti ya mama mkwe, bibi wa watoto wetu: "Jamani njooni, mvua ianyesha ndani!" Tulimkuta kasimama juu ya kitanda, kanga imelowa, ameshika boksi la Paje kifuani. Mwanetu mkubwa alipanda juu kufunga koki. Mimi nilizima umeme kwenye swichi kuu. Mke wangu alipiga magoti majini na kuanza kuinua maboksi, na kila alipoinua moja, kitako chake kilibaki sakafuni na karatasi zikamwagika.

Nilimmulikia kwa simu. Aliokota bunda moja la hojaji akajaribu kulifungua; karatasi zilikuwa zimeshikana. Akavuta kona ya juu, ikachanika na kubaki vidoleni. Ilikuwa kona yenye namba ya mhojiwa. Akaiangalia ile namba, akaketi pale pale kwenye maji, akasema kwa sauti ya chini, "Basi. Imekwisha."

"Haijesha," bibi alimjibu. "Acha kuzivuta. Inuka, mwanangu, upishe watu."

Kabla hakujapambazuka alikuwa ameshakuja jirani yetu wa ukuta wa pili, mzee aliyestaafu kazi ya masjala. Aliposikia vurugu alidhani tumeingiliwa na wezi, akaja na rungu. Alipoona karatasi zimelowa, aliliweka rungu chini akakunja mikono ya kanzu. Maisha yake yote kazini yalikuwa ni majalada, na mafuriko ya ofisini aliyaona. Alitueleza kwamba karatasi ikikaa na unyevu, ukungu huanza kuota ndani ya saa 48 hivi, na kwamba jua kali huikunja na kuikausha vibaya. Hojaji zilizoachana zitandazwe kivulini penye upepo. Zilizogandana ziachwe zichuje maji kwanza, kisha zitenganishwe polepole na kuwekewa kitambaa kikavu katikati. Na madaftari, ambayo hayawezi kufunguliwa yote kwa siku moja, yafungwe kwenye mifuko ya plastiki yakagandishwe, kwa kuwa karatasi iliyoganda haioti ukungu. Yatatolewa moja moja baadaye.

Basi madaftari ya mahojiano ya Jambiani yakalazwa kwenye friza la mke wa mzee huyo, kati ya mafungu ya vibua na barafu za ubuyu anazouzia wanafunzi. Mkewe aliyaandikia karatasi juu: "Msiguse, ya shemeji."

Asubuhi uani hapakuwa na pa kukanyaga. Bibi alishika uongozi, na hakuna aliyembishia, maana tangu mwani ulipoanza kulimwa kwa biashara Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980 yeye alikuwa baharini, na ameanika mwani masika na kiangazi akiuwahi kabla mvua haijauharibu. Alitandika majamvi chini ya turubai. Alitoa kanga zake mwenyewe, doti kwa doti, zikakatwa vipande vya kuweka katikati ya karatasi. Dada wa kazi alifunga kamba kutoka mwembe hadi nondo za dirisha, akabana hojaji kwa vibanio kwa kufuata vijiji. Mwanetu mkubwa alipiga picha kila karatasi iliyokauka kabla haijarudi kwenye bunda. Mdogo alipewa kazi ya kufukuza kuku.

Penseli ilisalimika yote. Peni ya kawaida ilisalimika pia. Kilichoharibika ni majibu yaliyoandikwa na msaidizi mmoja kwa peni ya jeli. Wino ulitambaa hadi mistari ikawa mawingu ya buluu. Hizo mke wangu alizitenga pembeni, na kila alipoongeza moja alifumba macho kidogo.

Saa sita mchana umeme wa luku ukaisha, feni zikasimama. Ukaingia upepo wa bahari na kuzidi nguvu za feni zote. Vibanio viliachia, hojaji zikapanda juu ya ukuta, nyingine kwenye mwembe, nyingine uani kwa mzee wa masjala, na moja ikatua kwenye karai la mama anayekaanga mihogo njiani. Watoto wa mtaa mzima walitoka mbio. Walizirudisha wakiwa wamezishika kwa ncha za vidole, kama walivyoagizwa, na kila mmoja alitaka aangaliwe namba yake imeingia bunda sahihi. Mama wa mihogo alileta yake mwenyewe, akaomba radhi kwa doa la mafuta. Doa lile lipo hadi leo na halijafuta neno.

Bibi alikuwa ameketi jamvini na miwani yake mipya, akipokea karatasi na kuzinyoosha. Alijifunza kusoma kwenye elimu ya watu wazima, na husoma kwa sauti. Akaanza kusoma majibu. Hakuna aliyemzuia. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, nyumba yetu ikasikia utafiti wenyewe unahusu nini.

Mwani unaolimwa Unguja ni wa aina mbili hasa, spinosamu na kotonii. Kotonii ina bei nzuri zaidi, karibu mara mbili ya mwenziwe, lakini wanawake wengi wameiacha. Mke wangu aliwauliza sababu. Kwenye hojaji nyingi jibu lilikuwa moja: bei ndogo. Jibu hilo ndilo lililomfunga kwenye sura ya nne. Alilipanga kwenye majedwali, akaliandikia kurasa, akazifuta, akaandika tena, maana haingii akilini mtu aache zao lenye bei kubwa akashike lenye bei ndogo, kisha aseme tatizo ni bei.

Bibi alisoma "bei ndogo" mara kadhaa, akavua miwani.

"Mwanangu, hawa wamekujibu kwa adabu tu."

"Kwa adabu vipi, mama?"

"Miye ukija unniulize mbona nimeacha kotonii, nami sikujui, umekuja na karatasi na kijana wa kuandika, nitakwambia bei. Bei haimuudhi mtu. Kotonii yafa. Maji ya karibu yamekuwa moto, waipanda ikiwa nzima, bamvua lijalo waikuta imeoza. Yataka maji ya mbele, ya kina. Na maji ya mbele yataka chombo na kuogelea. Sasa ngalawa ni ya nani? Nitakwambiaje mbele ya kijana kwamba sina ngalawa, na mume wangu hataki nipande ya mtu?"

Mke wangu alikuwa kwenye kamba na vibanio viwili mdomoni. Alivitoa. Akauliza swali, bibi akajibu. Akauliza jingine. Akachukua daftari la hesabu la mtoto, akaketi kwenye kigoda na kuandika, na wakati anaandika mvua ya rasharasha ilianza, tukaingiza karatasi sisi wengine tukamwacha yeye chini ya turubai pamoja na mama yake. Kuoza kwa kotonii kwenye maji ya joto alikujua. Wataalamu wa bahari wamekuandika sana. Alichokuwa hajakipata ni uzi wa kuunganisha joto la bahari na mlango wa nyumba: nani ana chombo, nani anaruhusiwa kukipanda, na kwa nini aibu hiyo hujificha nyuma ya neno bei. Usiku, umeme uliporudi, alifungua majedwali yake akaangalia upya wanawake wenye ndugu wa kiume mwenye ngalawa. Wengi wao ndio waliokuwa bado na kotonii. Takwimu zilikuwepo siku zote, zimelala kwenye kompyuta, zinangoja mtu wa kuzungumza nazo.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Mwaka 2001 mtafiti wa Marekani Barbara Lovitts alichapisha kitabu kuhusu wanaoacha uzamivu, na moja ya mambo aliyoonyesha ni kwamba walioacha hawakuwa na alama hafifu kuliko waliomaliza. Walipoingia walikuwa sawa. Kilichowatenganisha kilikuwa zaidi mazingira ya idara, msimamizi, na kuwa au kutokuwa na watu wa kuzungumza nao kazi yao. Mke wangu alikuwa na akili ile ile kabla na baada ya dari kuanguka. Siku ile alipata wasikilizaji.

Ndiyo maana siamini vitisho kama dawa. Kenya, mwaka 2014, tume inayosimamia vyuo vikuu iliweka kiwango kwamba mhadhiri awe na uzamivu, na walimu wakapewa miaka 5. Nia ilikuwa njema, na wanafunzi wana haki ya kufundishwa na waliobobea. Lakini tarehe ya mwisho bila msimamizi anayesoma sura, bila nafuu ya vipindi, bila saa ya kuandikia, inamwongezea mtu hofu na haimwongezei ukurasa.

Kumaliza kunawezekana hata nyumba ikiwa na mambo mengi. Wangari Maathai alifanya utafiti wake Ujerumani na Nairobi, akapata uzamivu mwaka 1971 akiwa mke wa mtu na mama, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika hapo. Mpiga gitaa Brian May aliuacha utafiti wake wa vumbi la anga London akaenda na bendi ya Queen, na zaidi ya miaka 30 baadaye akarudi chuo kile kile, akakamilisha tasnifu na kuipata shahada mwaka 2007. Kazi iliyowekwa chini inaweza kuokotwa.

Kwetu mambo yalibadilika kwa taratibu ndogo. Saa za alfajiri, baada ya swala hadi watoto waondoke, mlango wa chumba cha wageni hufungwa na haugongwi, hata gesi ikiisha. Ukatibu wa harusi umekwenda kwa binamu. Kila picha ya hojaji imehifadhiwa sehemu tatu, na wanafunzi wake yeye anawaelekeza wakusanye data kwa simu na programu kama KoboToolbox, ili maji yasiwakute na nakala moja. Msimamizi alipelekewa ukurasa mmoja wenye hoja mpya na ombi la kupangiwa siku ya kila mwezi. Alijibu, na siku ikapangwa. Kila Ijumaa jioni mke wangu hupeleka kurasa za wiki kwa mzee wa masjala. Mzee hasahihishi kitu. Huuliza zinasema nini, husikiliza hadi mwisho, kisha huchukua mhuri wake wa zamani wa tarehe, huugonga pembeni, na kuweka saini. Mke wangu hujua Ijumaa inakuja na mhuri unangoja.

Sura ya nne imepita kwa msimamizi. Ya tano inaandikwa. Bibi amerudi Jambiani, na jina lake litakuwa la kwanza kwenye kurasa za shukrani, pamoja na doti za kanga anazodai.

Wewe msomaji, kama nyumbani kwako kuna mtu aliyemaliza yote akabakiza tasnifu, acha kumuuliza atamaliza lini. Muulize leo ameandika kuhusu nini, kisha keti usikilize, hata usipoelewa nusu. Mtengee saa yake na uilinde kama unavyolinda zamu ya mtu anayekwenda kazini, kwa sababu hiyo ni kazi. Nanyi wakuu wa idara, pangeni siku za kurudisha sura za wanafunzi na mziheshimu kama mnavyoheshimu siku za mitihani. Hakuna nyumba inayopaswa kungoja dari lianguke ndipo mtafiti wake asikilizwe.